Chupa ya Saba

Mtaani pale hapakuwa na mtu mwenye jicho kali la uchafu kama Mama Povu. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na minane, na kwake dunia ilikuwa na vitu vya aina mbili tu: vilivyokwisha kuoshwa na vinavyosubiri zamu. Mtu akipita mbele ya kibaraza chake na kola ya jana alisalimiwa vizuri, akaulizwa habari za nyumbani, lakini macho ya dobi yalibaki shingoni pake mpaka mwenyewe akaanza kujishikashika. Fundi viatu, jirani yake wa ukuta mmoja, alizoea kusema kwamba siku Mama Povu akifika mbinguni atawavua malaika kanzu kwanza, salamu baadaye.

Jina hilo la Povu alilipata kwa sababu ya kisima. Marehemu mume wake alikichimba uani kwa mikono yake, mwaka ule binti yao wa pekee alipozaliwa, na kwa muda mrefu kilikuwa kisima kama visima vingine vya mtaa, maji yake magumu kwa sabuni. Kisha, kama miaka mitano nyuma, mambo yakabadilika. Ndoo ikigonga maji, povu jepesi jeupe likawa linasimama juu yake. Kipande cha sabuni kilichokuwa kinaisha kwa siku mbili kikawa kinamaliza wiki. Sasa dobi gani atakaa aulize maswali akiletewa zawadi kama hiyo mlangoni? Alishukuru, na baada ya kushukuru akajigamba. "Visima vya wenzangu vina njaa," aliwaambia wateja. "Vinakula sabuni kama wageni wa harusi. Changu kimeshiba."

Maji hayohayo aliyanywa na kuyapikia. Binti yake, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na amerudi kukaa kwa mama kwa kuwa mumewe alifanya kazi mbali, aliyanywa vikombe vinane kwa siku kama alivyoagizwa kliniki. Mama Povu alikuwa akimtazama akinywa na moyo wake unajaa. Babu hayupo, lakini mjukuu ananyweshwa na kisima cha babu yake. Alilisema hilo kwa yeyote aliyekaa kibarazani zaidi ya dakika mbili.

Ng'ambo ya uwanja wa mpira kulikuwa na kiwanda cha vikaango, vile vyeusi ambavyo yai linateleza juu yake lenyewe bila kuombwa. Kilifunguliwa miaka sita nyuma. Watu wa ofisi ya maji walikuwa wamegundua kwamba dawa inayopakwa kwenye vikaango hivyo imeonekana kwenye kijito cha bondeni, na sasa walitaka kujua kama imeingia na visimani. Ndipo akaja mpima maji, dada mmoja mrefu mwenye miwani, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri hata mgongoni, jambo lililompatia alama nzuri kwa mwenye nyumba kabla hajafungua mdomo.

Aliwaeleza bila kuwatisha na bila kuwaficha. Dawa ile haiozi. Ikiingia ardhini inakaa, na ikiingia mwilini haina haraka ya kutoka. Inaweza kusumbua ini, na kwa mwenye mimba inamfikia mtoto, na baadhi ya watoto wanazaliwa wepesi kuliko inavyotakiwa. Hajui kama visimani imo. Amekuja kujua.

"Sisi tunachemsha," alisema Mama Povu, kama mtu anayefunga mjadala.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Hii si kijidudu, haina uhai wa kuuawa."

Fundi viatu, ambaye hakualikwa lakini ukuta ulikuwa mfupi, alisema kwamba basi ni dawa ya ajabu sana, yai imeshindwa kulishika inakuja kushika watu. Binti alicheka, lakini mkono wake ulienda tumboni, na Mama Povu akauona ukienda.

Mtaa ule ulikuwa na visima sita. Ofisi ilitaka maji ya kwanza ya alfajiri, kabla ndoo yoyote haijashuka, na mpima maji alikuwa anatoka mbali. Akauliza nani anaaminika. Watu wote walimtaja mtu mmoja, kwa sababu kama kuna kitu kinataka usafi, unampelekea nani tena? Basi akamkabidhi Mama Povu boksi lenye chupa saba. Akamweleza taratibu: sita ni za visima sita, zijazwe na kufungwa. Ya saba tayari ina maji, imetoka nayo maabara, imezungushiwa utepe wa bluu. Hiyo isifunguliwe. Inasindikiza wenzake tu na kurudi kama ilivyokuja. "Na hizi chupa ni safi," alimalizia. "Usihangaike nazo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye neno safi. Mama Povu alikuwa amelisikia neno hilo kila siku ya maisha yake ya kazi, likitoka kwa watu wenye mashati yenye kwapa za manjano. Hii ni safi, mama, ipitishe tu maji. Hakuwa amewahi kumwamini hata mmoja.

Alfajiri akafungua boksi, akainua chupa ya kwanza kwenye taa, akaona unga mweupe umekaa chini. Akainua ya pili, unga. Zote sita zilikuwa na unga. Alisikitika kweli, tena si kwa ubaya. Alimwonea huruma yule dada mwenye shati zuri, ametumwa na ofisi yake na vyombo vichafu mbele za watu, na pengine atagombezwa. Akawasha jiko, akachemsha maji, akachukua brashi nyembamba ya kuoshea chupa za watoto aliyomnunulia mjukuu ambaye hajazaliwa, akaziosha kwa sabuni ya unga, ile kali ya mashuka. Alizisuuza, ila suuza yake ilikuwa ya maji ya kisima chake, na maji yale tunayajua, yanatoa povu hata bila sabuni. Kisha akazunguka visima vyote sita kuzijaza.

Alipofika kwenye ya saba alisita. Aliambiwa asiifungue. Lakini maji yaliyolala chupani siku mbili ni maji gani hayo ya kumrudishia mgeni? Mtu mwenye adabu harudishi chombo na makombo ya jana. Akakata utepe wa bluu kwa meno, akamwaga, akaosha, akajaza maji mapya kisimani kwake, akauzungusha utepe tena vizuri hivi kwamba mwenyewe alifurahi. Binti alipoamka, boksi lilikuwa limefungwa linang'aa mlangoni. Mpima maji alipolichukua alisema hajawahi kukabidhiwa chupa zinazopendeza namna ile, na Mama Povu akamwambia asijali, ni kazi tu.

Wiki tatu baadaye watu waliitwa kwenye mkutano, katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwenyekiti wa mtaa alikaa mbele. Kulia kwake alikuwepo afisa wa kiwanda, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, na kushoto mpima maji, ambaye siku hiyo hakuwa na raha. Alisoma majibu haraka. Katika chupa zote sita wamekuta sabuni ya kufulia, nyingi mno, kiasi kwamba imevuruga kipimo. Kuhusu dawa ya vikaango, maabara haiwezi kusema ipo wala haipo.

Bwana Tai hakuchelewa. Alisimama, akasema kwa upole wa mtu aliyeshinda kwamba kiwanda kimesikitika kusingiziwa, lakini sasa ukweli umejitokeza wenyewe. Kiwanda hakitengenezi sabuni. Mtaani kuna dobi, kwa miaka karibu thelathini anamwaga maji ya sabuni uani, na yamepenya ardhini hadi visima vyote sita. Kiwanda kinapendekeza, kwa nia njema, shughuli ya dobi ifungwe, na suala la kupima liishe hapo.

Watu wakageuka. Mama Povu alikuwa amekodolewa macho na mtaa mzima, yeye ambaye ndiye huwatazama wengine kola. Akajua pia kinachokuja: kazi inaondoka, na kisima cha mumewe kitaitwa kisima cha uchafu. Alifungua mdomo kujitetea, kwa kuwa maji yake machafu alikuwa anayamwaga kwenye mfereji wa barabarani, si uani, na mtaa wote ulilijua hilo. Lakini mpima maji aliwahi kusimama.

"Kuna jambo moja silielewi," alisema. Akatoa chupa yenye utepe wa bluu. "Hii ya saba sikuitoa kisimani. Maji yake ni ya maabara, tunayabeba ili tujue kama kuna kitu kimeingia njiani. Ilitakiwa isiwe na kitu. Na yenyewe ina sabuni kuliko zote. Kama sabuni imetoka ardhini, humu imeingiaje?"

Bwana Tai alijibu kwamba basi maabara yao wenyewe ni chafu, na majibu yao yote ni ya kutupwa. Wakuu wake watapenda kulijua hilo. Dada wa watu aliinamisha kichwa, akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Mama Povu aliutazama ule utepe wa bluu. Kumbe ile chupa ilikuwa na kazi. Kumbe unga ule pia ulikuwa na kazi. Sasa, akinyamaza, nani atajua? Utepe aliurudisha vizuri. Bwana Tai atamlaumu dada, dada atalaumiwa na ofisi, kupima kutaisha. Akisema, atakuwa mwanamke mzima, dobi wa dobi, aliyeharibu kipimo cha mtaa mzima kwa kuosha vyombo visivyo vyake, na fundi viatu atakuwa na hadithi ya kusimulia mpaka afe. Aibu hiyo aliipima, na haikuwa ndogo. Kisha akamwona binti yake kwenye dawati la pembeni, amekaa upande kwa sababu tumbo halikuingia, na mkononi ana chupa yake ya maji ya kutembelea, aliyojaziwa na mama yake asubuhi hiyohiyo kutoka kisimani. Alikuwa anaifungua anywe.

"Usinywe," alisema Mama Povu, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. Akasimama. Wazee walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa anataka mjukuu. "Nimeziosha mimi. Zote saba."

Mpima maji alivaa miwani.

"Umeziosha?" aliuliza mpima maji.

"Kwa sabuni ya mashuka na maji ya moto. Zilikuwa na unga chini."

"Mama, unga ule ni dawa ya kuyahifadhi maji yasibadilike njiani. Na hii ya bluu?"

"Maji yake yalikuwa yamelala. Niliyamwaga, nikakutilia mapya."

Wa kwanza kucheka alikuwa fundi viatu, na baada yake lilicheka darasa zima, madawati yakalia, hata mwenyekiti akajificha nyuma ya daftari. Mpima maji mwenyewe alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Mama Povu alisimama katikati ya kicheko hicho masikio yakimwaka, akangoja kiishe, kama anavyongoja mvua ipite ndipo aanike.

Bwana Tai hakucheka. Alisema vizuri sana, mama amekiri kwa kinywa chake, hakuna kipimo, kila mtu arudi nyumbani.

"Chupa nimeziosha, ndiyo," alisema Mama Povu. "Kisima sijakiosha. Kipo palepale nyumbani, na dada huyu yupo, na wewe upo. Twende mkateke sasa hivi. Mimi nitakaa mbali."

Kicheko kiligeuka makofi. Mwenyekiti, aliyekuwa ameelemea upande wa tai tangu asubuhi, alisikiliza makofi yanakotoka, akaona busara kuelemea huko. Maji ya alfajiri yatatekwa kesho, na mtu wa kila upande ashuhudie.

Kesho yake, jua halijatoka, uani kwa dobi kulijaa watu. Mpima maji alilala kwa mwalimu wa shule ili awahi. Bwana Tai alikuja na usingizi na kola ambayo Mama Povu aliitazama, akajizuia kusema. Yeye mwenyewe aliwekwa juu ya beseni lililofunikwa, mikono ameikalia, binti yake akisimama nyuma kama askari. Kila chupa ilipoinuliwa na ule unga wake chini, vidole vilimwasha. "Mama," alionya binti. "Sijafanya kitu," alijibu. Fundi viatu alisema hayo ndiyo mateso mapya, mtu anaachiwa macho ya uchafu wazi na mikono inafungiwa chini ya makalio.

Ndoo ilishuka, ikagonga maji. Povu likasimama juu yake, jeupe, linang'aa kwa mwanga wa kwanza.

"Hili povu limeanza lini?" aliuliza mpima maji.

"Ni kama miaka mitano," alisema Mama Povu kwa majivuno ya mazoea. "Ni baraka ya kisima hiki. Hakina njaa."

Yule dada aliandika. Ila Bwana Tai alitazama viatu vyake, na Mama Povu, ambaye kazi yake ni kusoma watu kwa mavazi na kwa aibu zao, akamwona. Miaka sita kiwanda, miaka mitano povu. Hesabu hiyo haikuhitaji maabara. Akakumbuka kila kikombe alichomjazia mwanawe kwa mkono wake, huku akimsifia, na machozi yakamtoka palepale juu ya beseni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono alikuwa ameikalia. Binti aliinama akamfuta kwa ncha ya khanga yake. Akamnong'oneza kwamba mama angejua ni nini, asingempa. Mama alisema hilo ndilo linalomuuma, kwamba alijiona anajua.

Tangu siku hiyo binti hakunywa tena maji ya kisima. Ofisi ya maji ilileta gari la maji safi kila asubuhi, na Mama Povu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, na ndoo zake, bila shaka, ziling'aa kuliko za wote.

Majibu yalipotoka, dawa ya vikaango ilikutwa katika visima vinne kati ya sita. Cha Mama Povu kilikuwa cha kwanza darasani, kimeacha wenzake mbali. Chupa ya saba, safari hii, haikuwa na kitu chochote ndani yake, na mpima maji aliiinua juu watu waione, wakaipigia makofi kama mgeni rasmi. Kiwanda kiliamriwa kuziba bwawa lake la maji machafu lililokuwa linavuja, na kuvuta bomba la maji safi hadi mtaani. Bwana Tai hakuonekana tena. Alikuja mwingine, asiye na tai, na bomba likaja naye.

Kisima kilifunikwa kwa zege. Siku hiyo Mama Povu hakufua. Alikaa ukingoni, akamweleza marehemu mambo yalivyokuwa, kwamba kisima chake hakikuwa na kosa, kilitiliwa. Kisha akapanga beseni zake juu ya zege, maana palikuwa mahali pazuri pa kuanikia.

Binti alimuuliza mpima maji ile iliyokwisha kuingia mwilini itatokaje. Alijibiwa ukweli: hakuna dawa ya kuitoa, itapungua yenyewe polepole, miaka, na kubwa ni kwamba haiongezwi tena. Mtoto atazaliwa, atanyonyeshwa kama watoto wengine, na kliniki itamfuatilia. Haikuwa jibu la kumfanya mtu acheze ngoma, lakini lilikuwa jibu la mtu asiyeficha, na Mama Povu alimpenda kwa hilo. Alimfulia mashati yake yote manne na kukataa hata asante.

Mtoto alikuja wiki moja kabla ya siku yake, wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Muuguzi alisema uzito unatosha. Bibi yake alimtaka aseme mara ya pili, akasema.

Walipomrudisha nyumbani, Mama Povu aliomba kumwogesha yeye. Alipasha maji ya bomba, akayajaribu kwa kiwiko, akamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, akachukua sabuni mpya kabisa. Alisugua kitambaa. Hakuna kitu. Akasugua tena, sabuni ikalegea, ikapungua, na juu ya maji ukatokea utando mwembamba wa kijivu, basi. Maji yale ya bomba yalikuwa magumu kama ya zamani, ya mwaka ule mume wake alipofika chini kwa sururu na kupanda juu anacheka, kalowa hadi kifuani.

Ukutani fundi viatu alimuuliza kama maji mapya yanafaa.

"Yana njaa mbaya," alisema Mama Povu, akitabasamu mpaka macho yakalowa. Akaitumbukiza sabuni nzima ndani ya beseni, mjukuu akipiga mateke. "Kuleni," aliyaambia maji. "Kuleni yote, nitawaletea nyingine."